Ukumbi wa wasanii wenyewe: mwongozo wa kuanzisha na kuendesha nafasi ya sanaa ya kisasa na muziki wa majaribio

Msanii anayetaka kukwaruza bamba la chuma kwa saa mbili mbele ya wasikilizaji kumi na watano hana pa kwenda. Ukumbi wa dansi hautamtaka kwa kuwa hakuna atakayecheza, na nyumba ya sanaa inayoishi kwa kuuza picha haitamfungulia kwa kuwa hana cha kutundika ukutani. Ni kwa ajili ya watu kama huyu wasanii wa miji mingi waliacha kungoja kualikwa, wakafungua mahali pao.

Mwaka 1971 wasanii wa video Woody na Steina Vasulka walianza kuonyesha video na muziki mpya katika jiko lililokuwa halitumiki ndani ya hoteli kuukuu ya New York. Mahali hapo pakaitwa The Kitchen, na shirika hilo lingali hai ingawa jengo lile halipo tena. Mwaka 1973 wasanii wanane wa Vancouver walinunua jumba la zamani la chama cha kindugu, wakaliita Western Front. Katika New York hiyohiyo, mtunzi wa muziki Phill Niblock aligeuza ghorofa aliyoishi kuwa ukumbi wa matamasha tangu miaka ya 1970 na akaendelea hivyo kwa miongo kadhaa. Hakuna hata mmoja wao aliyeanza na jengo la fahari.

Katika mwongozo huu kila hatua inapimwa kwa kipimo kimoja: ukumbi wa majaribio ni lazima uweze kuhimili usiku wenye watu kumi na kazi ambayo haikufaulu, kisha kesho yake mlango ufunguliwe kama kawaida. Jaribio lisiloruhusiwa kushindwa si jaribio. Kwa hiyo gharama ndogo ni suala la kisanaa, wala asiachiwe mweka hazina peke yake.

Hatua ya 1: Andikeni nani anaamua nini

Kundi la marafiki watano huamini kwamba halihitaji kanuni. Ukweli ni kwamba kundi lisilo na kiongozi aliyetajwa huwa na kiongozi asiyetajwa: yule mwenye ufunguo, nywila ya barua pepe na namba ya mwenye nyumba. Siku akichoka au akikasirika, ukumbi unafungwa naye.

Andikeni katiba ya ukurasa mmoja kabla ya kutafuta chumba. Iseme nani ni mwanachama na mtu anaingiaje. Iseme nani anapanga maonyesho, nani anashika hesabu, nani anashughulikia jengo, na kila mmoja atakaa katika nafasi hiyo kwa muda gani. Mwaka mmoja unatosha, pamoja na mwezi wa kukabidhiana. Iseme vifaa ni mali ya nani, kwa sababu mixa (mtambo wa kuchanganya sauti) iliyonunuliwa na mwanachama kwa pesa zake kisha ikatumiwa na wote huzua ugomvi siku anapoondoka. Akaunti ya benki iwe ya chama na iwe na watia saini wawili. Nywila zote ziandikwe mahali ambapo watu wawili wanapafikia.

Kuna kipengele kimoja ambacho wengi hukiruka nami nakiona cha lazima: mwanachama asionyeshe kazi yake mwenyewe zaidi ya mara moja kwa mwaka. Bila hicho, ukumbi unageuka kuwa studio ya waanzilishi, na watu wa nje wanaacha kutuma maombi.

Wakati huohuo, sajilini chama kwa namna nyepesi kabisa inayokubalika na sheria ya mahali penu. Mkitia saini mkataba wa pango kwa jina la mtu mmoja, mtu huyo ndiye atakayedaiwa.

Hatua ya 2: Fanyeni matukio kabla ya kuwa na chumba

Andaeni matukio manne au matano katika sehemu za kuazima: karakana siku ya mapumziko, darasa jioni, sebule, bohari linalosubiri mpangaji. Hapo mtajua mambo ambayo mkutano hauwezi kuwaambia. Mtajua nani anafika mapema kupanga viti na nani hufika onyesho likianza. Mtajua kama watu wanaokuja ni wasanii wenzenu tu au kuna na majirani. Mtajua pia ni aina gani ya kazi inayowaita: kelele nzito, sauti za chini zinazohitaji ukimya, video, uchongaji, au kazi za mwili. Chumba kinachofaa moja ya hizo mara nyingi hakifai nyingine.

Hatua ya 3: Pigeni hesabu ya usiku mmoja

Jumlisheni gharama zote za mwezi zisizoepukika: pango, umeme, maji, intaneti, bima, akiba ya matengenezo. Gawanyeni kwa idadi ya matukio mnayoweza kuyabeba kwa mwezi bila kuchoka. Mkipata gharama ya 100 na matukio manne, kila usiku unaanza na deni la 25 kabla msanii hajalipwa chochote. Sasa jiulizeni: watu kumi na watano wakilipa kiingilio cha kawaida, deni hilo linafutika? Kama halifutiki, chumba ni kikubwa kuliko ninyi.

Msitegemee kiingilio peke yake. Michango midogo ya kila mwezi kutoka kwa watu wengi ndiyo pato tulivu kuliko yote, maana haipandi wala kushuka kwa sababu ya mvua. Kukodisha chumba mchana kwa mazoezi ya muziki, ngoma au tamthilia kunaweza kulipa sehemu kubwa ya pango. Kuuza kanda, sahani za muziki na machapisho huleta kidogo, lakini humnufaisha msanii moja kwa moja.

Ruzuku ni njema kwa jambo lenye mwanzo na mwisho, kama tamasha, kitabu au ukarabati wa sakafu. Kulipia pango kwa ruzuku ni hatari: mradi unaisha na mwenye nyumba bado yupo. Kinywaji nacho ni vivyo hivyo. Baa ndogo haina ubaya, ila ikishakuwa ndiyo inayolipa kodi, mtajikuta mnachagua wanamuziki kwa kuangalia nani analeta wanywaji.

Wekeni akiba ya pango la miezi mitatu kabla ya kununua kifaa chochote kikubwa. Na kila senti iandikwe: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatua ya 4: Chagueni chumba kwa masikio, kisha kwa macho

Nendeni kwenye chumba mara mbili, mchana wa siku ya kazi na usiku wa mwisho wa wiki. Simameni katikati bila kusema kwa dakika tano. Mtasikia barabara, jenereta ya jirani, mabomba ya ghorofa ya juu. Kisha pigeni kofi moja kali. Likirudi kwa mlio wa kukereza, kama springi ya chuma inayotetemeka, maana yake kuta mbili tupu zinatazamana na sauti inadunda kati yake. Hilo linatibika. Lisilotibika ni dari ya mbao ambayo juu yake analala mtu.

Chini ni bora kuliko juu, kwa sababu ya kubeba vifaa na kwa sababu ya wageni wanaotumia viti vya magurudumu. Choo kiwe na mlango mpana. Pimeni mlango wa kuingilia: sanamu isiyopita mlangoni haionyeshwi.

Hoteli ile ya New York ambamo The Kitchen ilizaliwa iliporomoka mwaka 1973 na watu wakafa. Majengo ya bei nafuu huwa nafuu kwa sababu fulani, na kazi yenu ni kuijua sababu hiyo. Mwiteni mtu anayejua ujenzi aangalie nguzo, paa na sakafu kabla ya kutia saini. Katika mkataba, ombeni mambo mawili: ruhusa ya maandishi ya kufanya maonyesho ya muziki, na haki ya kuondoka kwa notisi ya miezi michache. Mkataba mrefu unapendeza, lakini kama hauna mlango wa kutokea utawafunga.

Hatua ya 5: Moto

Hatua hii msiifupishe. Usiku wa tarehe 2 Desemba 2016, katika bohari la Oakland, California, lililokuwa likikaliwa na wasanii na kuitwa Ghost Ship, moto ulizuka wakati wa tamasha la muziki wa elektroni na kuua watu 36. Hapakuwa na mfumo wa kunyunyiza maji, nafasi ilikuwa imesongamana mbao, vinanda na fanicha, na ngazi moja ya kushuka kutoka ghorofani ilikuwa imeungwa kwa mbao za kubebea mizigo. Waliokufa walikuwa watu kama wasomaji wa mwongozo huu: wapiga muziki, wachoraji, marafiki zao.

Miaka kumi na mitatu kabla ya hapo, Februari 2003, watu 100 walikufa katika klabu ya The Station huko Rhode Island baada ya fataki za jukwaani kuwasha sponji iliyobandikwa ukutani kupunguza sauti. Wengi walikimbilia mlango waliouingilia, wakakwama hapo, ilhali milango mingine ilikuwepo. Sponji ya aina hiyo bado inauzwa na bado watu wanaibandika ukutani wakidhani wanafanya kazi ya kitaalamu. Msibandike. Kama mnataka kutuliza mwangwi, tumieni pamba ya mawe, ambayo haishiki moto, iliyowekwa ndani ya fremu na kufunikwa kitambaa kilichotibiwa dhidi ya moto.

Mambo ya kufanya ni haya. Iteni zimamoto wa mahali penu waje kukagua na wawape idadi ya juu ya watu. Iandikeni mlangoni na mhesabu wanaoingia kila tukio. Pawe na njia mbili za kutoka zilizo mbali moja na nyingine, milango ifunguke kwa nje, na isifungwe kwa ufunguo wakati kuna watu ndani, hata kwa kuogopa watu kuingia bila kulipa. Taa za dharura zenye betri zake ziwe juu ya kila mlango wa kutokea, vitambua moshi viwe vinafanya kazi, na mitungi ya kuzimia moto iwe na tarehe iliyo hai. Mtungi wa maji usitumike kwenye moto wa umeme. Karibu na mixa na projekta wekeni mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi. Kabla ya kila onyesho mtu atangaze kwa sentensi moja njia za kutokea ziko wapi. Na kama msanii anataka kutumia mishumaa, fataki au moto wa aina yoyote ndani, jibu ni hapana. Majaribio mengine yote tutayazungumza.

Hatua ya 6: Sauti, masikio na jirani

Watu huchanganya mambo mawili: kuzuia sauti isitoke, na kutuliza sauti ndani. Pazia zito, zulia na paneli hutuliza mwangwi ndani ya chumba, lakini jirani ataendelea kusikia kila kitu. Kinachozuia sauti isitoke ni uzito na kuziba hewa. Tundu lenye ukubwa wa asilimia 1 tu ya ukuta huushusha ukuta mzuri kabisa hadi uwezo wa kupunguza takriban desibeli 20 basi. Kwa hiyo kabla ya kujenga ukuta wa pili, zibeni upenyo chini ya mlango, pembeni mwa madirisha, na matundu ya mabomba. Kazi ya siku mbili yenye mirija ya silikoni na mipira ya mlango huleta tofauti kubwa kuliko mtakavyotarajia.

Besi ni mnyama mwingine. Mawimbi yake ni marefu, hupita kwenye sakafu na nguzo, na jirani wa tatu huyasikia wakati wa kwanza hajayasikia. Inueni spika za besi kutoka sakafuni kwa mpira mzito au magodoro magumu. Kisha mmoja wenu atoke nje na simu mkononi, azunguke jengo, na mwingine apandishe sauti kidogo kidogo ndani. Mahali inapoanza kusikika kwa jirani, wekeni alama ya mkanda kwenye mixa. Alama hiyo ndiyo mpaka baada ya saa mliyokubaliana na majirani kuwa ya kupunguza sauti.

Mkubaliane nao kweli. Nendeni mlango kwa mlango kabla ya tukio la kwanza, acheni namba ya simu ambayo mtu ataipokea usiku huohuo, na wapeni majirani nafasi ya kuingia bure daima. Jirani anayempigia msimamizi simu ni jirani ambaye hajampigia polisi.

Kisha masikio ya wageni. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa afya ya kazi ni kwamba desibeli 85 zinavumilika kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unapungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 100 ni dakika 15 tu. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwaka 2022 kiwango cha kumbi na matukio: wastani usizidi desibeli 100 ndani ya dakika 15, wageni wapewe vizibo vya masikio, na pawe na sehemu ya kupumzika yenye utulivu. Vizibo vya masikio wekeni mlangoni bure, ndani ya bakuli linaloonekana. Muziki wa kelele una haki yake, nami naupenda, lakini msikilizaji apewe taarifa kabla ya kuingia. Vivyo hivyo kwa taa za kumweta: mimweko kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde inaweza kuleta degedege kwa wenye kifafa, kwa hiyo itangazeni kwenye bango na mlangoni.

Hatua ya 7: Umeme na vifaa

Fundi umeme mwenye leseni aangalie jengo lote kwanza. Kisha ninyi wenyewe choreni ramani ya soketi: ipi iko kwenye sakiti ipi, yaani njia ipi ya umeme yenye fyuzi yake. Volti mara ampia ni wati; sakiti ya ampia 16 kwenye umeme wa volti 230 hubeba wati 3,680. Birika la umeme peke yake hula kama 2,000. Ndiyo sababu mtu akichemsha maji nyuma ya pazia wakati amplifaya mbili na taa za jukwaa ziko kwenye sakiti ileile, chumba kizima huzima katikati ya kipande cha muziki. Sauti iwe na sakiti yake, taa na dima (vipunguza mwanga) ziwe na yake, birika likae mbali.

Mvumo mzito usiokwisha kwenye spika, wa hezi 50 au 60 kulingana na umeme wa nchi yenu, mara nyingi hutokana na vifaa viwili vilivyounganishwa na ardhi sehemu mbili tofauti. Vichomekeni vyote kwenye chanzo kimoja, tumieni nyaya za XLR (nyaya za sauti za pini tatu) na kisanduku cha DI, kinachounganisha ala na mixa, chenye swichi ya kukata ardhi ya waya wa sauti. Kamwe msikate pini ya ardhi ya plagi ya umeme. Inalinda uhai wa mtu.

Kwa kuanzia, nawashauri mnunue spika nne zinazofanana, hata kama ni za kawaida, kuliko mbili za kifahari. Wanamuziki wa majaribio huomba mara kwa mara kuweka spika pembe nne za chumba, na sauti inayozunguka wasikilizaji ni jambo ambalo kumbi za kawaida hazitoi. Ongezeni mixa ya chaneli kumi na mbili au zaidi, vipaza sauti vinne imara, viwili vyepesi vya kondensa vinavyohitaji volti 48 kutoka kwenye mixa, visanduku vinne vya DI, na nyaya mara mbili ya mnavyodhani. Kila waya uwe na rangi ya mkanda wa chama. Unaokwaruza ufungwe fundo na kuwekwa kando usiku huohuo, la sivyo utarudi kwenye kapu na kuharibu onyesho lijalo.

Kuhusu projekta, soma namba ya uwiano wa umbali kabla ya kununua. Yenye uwiano wa 1.5 ikitoa picha ya upana wa mita 3 ni lazima ikae mita 4.5 kutoka ukutani. Katika chumba kidogo hapo ndipo watu wanaposimama, na video yote inakuwa vivuli vya vichwa. Tafuteni ya umbali mfupi.

Hatua ya 8: Picha na sauti katika chumba kimoja

Hapa ndipo nafasi hizi hupata tabia yake, na ndipo zinapogombana. Onyesho la uchoraji linakaa wiki nne hadi sita. Ndani ya wiki hizo kutakuwa na matamasha matatu. Besi hutikisa fremu, mabegi ya mgongoni hugonga vikalio vya sanamu, yaani visanduku zinaposimama, na jasho la watu hamsini hupandisha unyevu.

Mwambieni msanii mapema kwamba kazi yake itaishi na muziki, na idhini yake iandikwe. Wapo watakaokataa, na ni haki yao; hao wapangieni mwezi usio na tamasha. Wapo watakaofurahi na kutengeneza kazi inayojibu sauti, na hiyo ndiyo mikutano tunayoifanyia kazi hii yote. Tundikeni kila fremu kwa kulabu mbili, katikati ya picha ikiwa sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, mkitumia pimamaji. Vikalio vitiwe mifuko ya mchanga ndani. Kazi za karatasi hazitaki mwanga mkali: luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga) ndizo zinazopendekezwa na wahifadhi, nayo ni hafifu kuliko watu wanavyofikiri. Usiku wa tamasha, mstari wa mkanda sakafuni mita moja na nusu kutoka ukutani hutosha, watu huuheshimu.

Sanaa ya sauti inayolia yenyewe siku nzima inahitaji ratiba. Mtu anayekaa zamu kwenye meza ya mapokezi kwa saa sita akisikia mlio uleule ataanza kuuzima kwa siri. Mpeni zamu fupi.

Hatua ya 9: Kuchagua kazi

Wekeni jioni moja isiyobadilika kila mwezi, kwa mfano Alhamisi ya kwanza, ambayo mtu yeyote anaweza kuomba dakika kumi na tano. Hapo ndipo mtawaona wasiojulikana. Kwa matukio mengine, kaeni watatu wa kuchagua, wabadilike kila nusu mwaka, na kila mmoja apewe nafasi ya kuingiza kazi moja ambayo wenzake hawaielewi. Kura ya wengi huleta programu ya wastani. Mapenzi ya mtu mmoja aliyekubali kuisimamia kazi hadi mwisho huleta jambo.

Jibuni kila ombi, hata kwa kukataa, ndani ya mwezi. Na acheni wiki moja kila mwezi bila tukio. Chumba kinahitaji kupakwa rangi, nanyi mnahitaji kulala.

Hatua ya 10: Malipo na makubaliano

Msanii alipwe. Kama mnamlipa fundi umeme na mwenye nyumba lakini msanii mnampa shukrani, mmeanzisha jambo lilelile mlilolikimbia. Chama cha wasanii cha CARFAC kilianzishwa Kanada mwaka 1968 kupigania hili, na mwaka 1975 nchi hiyo ikawa ya kwanza kuwalipa wasanii ada ya kuonyesha kazi zao. Kundi la W.A.G.E., la kutetea malipo ya wasanii, lililoanza New York mwaka 2008, limeweka utaratibu unaofunganisha ada na bajeti ya mwaka ya shirika: lenye kikubwa hulipa zaidi, lenye kidogo hulipa kidogo, ila hakuna kulipa sifuri. Wazo hilo linafaa ukumbi wa ukubwa wowote.

Kwa muziki, njia ninayoiona ya haki ni kima cha chini kilichoahidiwa, hata kiwe kidogo, na juu yake sehemu ya mlangoni, tuseme asilimia 70 kwa wasanii na 30 kwa ukumbi. Makubaliano yawe barua fupi: tarehe, saa ya kufika, malipo, nani analeta nini, nani anabeba gharama za safari na malazi, kama onyesho litarekodiwa, na nini kitatokea likiahirishwa. Kwa maonyesho ya sanaa ongezeni bima, usafirishaji, na hali ya kila kazi inapofika, pamoja na picha zake.

Hatua ya 11: Siku ya onyesho

Mtu mmoja ndiye msimamizi wa siku, na jina lake liandikwe ubaoni. Hachezi muziki usiku huo, hauzi tiketi, hafanyi kingine. Anafika saa tano au sita kabla ya wageni, anafungua madirisha, anajaribu taa za dharura, anaita wasanii kwa zamu.

Kupima sauti kuanzie kwa anayepiga wa mwisho na kuishie kwa anayeanza. Hivyo vifaa vya wa kwanza vinabaki jukwaani tayari, na hakuna kuhamahama watu wakishaingia. Fundi mitambo aandike au apige picha mipangilio ya mixa ya kila mmoja. Mpeni kila msanii muda wa kukisikia chumba kikiwa kimya, hasa kama kazi yake ni ya sauti ndogo. Kwa kazi hizo, msimamizi azime jokofu, feni na kila kinachovuma, kisha abandike karatasi kwenye jokofu ya kumkumbusha kuliwasha tena. Viti kumi vitengwe kwa wasioweza kusimama.

Mlangoni akae mtu mwenye uso wa kukaribisha. Mgeni ambaye hajawahi kusikia muziki wa namna hii anaamua hapo kama mahali hapa pana nafasi yake. Ukutani karibu naye pawe na jina la anayeshughulikia malalamiko ya kusumbuliwa au kudhalilishwa, na huyo awe na mamlaka ya kumtoa mtu nje, rafiki wa chama akiwemo.

Anzeni kwa wakati mliotangaza. Mkichelewa mara tatu, watu watakuja wakiwa wamechelewa milele. Mwisho wa usiku, hesabuni pesa watu wawili mbele ya msanii, mlipeni hapohapo, asaini, na apewe nakala. Kisha zoeni nyaya.

Hatua ya 12: Rekodi

Rekodini kila tukio ambalo msanii ameridhia: njia mbili kutoka kwenye mixa na njia mbili za vipaza sauti vilivyowekwa chumbani, kwa faili za WAV za biti 24. Mixa peke yake husahau chumba, na katika muziki huu chumba ni sehemu ya kipande. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi na siku, kisha msanii. Wekeni nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Hifadhini na bango moja la karatasi la kila tukio, orodha ya walioshiriki na barua za makubaliano. Haki za rekodi zibaki kwa msanii, na mpelekeni nakala ndani ya wiki mbili.

Hatua ya 13: Mkutano wa mwaka

Kila mwaka, siku ileile, kaeni wanachama wote na hesabu zikiwa mezani. Swali la kwanza liwe kama mnaendelea. Liulizwe kweli, na jibu la hapana liwe na njia yake iliyoandikwa tangu katiba: madeni yalipwe, kazi za sanaa zirudi kwa wenyewe, rekodi zipelekwe kwenye maktaba au chuo kitakachozipokea, vifaa vipewe kundi jingine linaloanza. Mkijibu ndiyo, endeleeni na swali la pili, la nani anapokea funguo za mwaka ujao, na hakikisheni angalau mtu mmoja kati yao hakuwemo mwaka jana.